Kidole Gumba cha Mtemi

Ngozi ilibaki mkononi mwake.

Hapo ndipo tulipoachana, msomaji, na wiki nzima simu yangu haikupumzika. Wengine mmenitukana kwa kuwakatia utamu. Utamu gani? Mwenye sahani mbele yake aimalize kwanza, ndipo aendelee kusoma.

Paskalia alikuwa amepiga magoti katika chumba cha ndani cha tembe la baba yake. Nje jua la saa tatu lilikuwa kali. Humo ndani ni giza, na paa la udongo liko chini kiasi cha kugusa kitambaa chake cha kichwa. Alikuwa ameingiza mkono chini ya blanketi akaushika mguu wa mzee, kama alivyofanya utotoni alipotaka kumwamsha. Mguu ulikuwa baridi. Alipouvuta kidogo, kitu kikateleza kama soksi iliyolowa.

Akatoa mkono. Akauangalia. Akaufuta kwenye ukuta, kisha kwenye sakafu, kisha kwenye ukuta tena.

Sasa akaielewa ile harufu. Tangu alipofika jana jioni walikuwa wakimwambia ni panya aliyefia juu ya paa. Walikuwa wakichoma ubani na mavi makavu ya ng'ombe mlangoni bila kukoma, eti kufukuza mbu. Na yeye alilala chumba cha pili. Alilala, akaota ndoto nzuri, akaivuta harufu ya baba yake usiku kucha.

Kwa wewe unayetukuta leo, mambo ni haya. Ilumbwe ni nchi kame magharibi ya Dodoma, vichaka vya miiba na vumbi jekundu, ambako mvua huja ikipenda. Serikali inaiita kijiji. Wenyewe wanaiita utemi, na heshima yote ya utemi huo iko kwa milango mitatu, yaani koo tatu kubwa. Mlango wa Ngoma hutoa mtemi. Mlango wa Kisima husimamia maji. Mlango wa Chumvi humiliki ile mbuga nyeupe ya chumvi isiyoota hata jani. Wengine wote, hata kama babu wa babu zao alizaliwa hapo, huitwa watu wa vumbi.

Mtemi alikuwa Chidosa, mzee wa miaka themanini na kitu, mpole, mpenda utani. Paskalia ni binti yake wa mwisho, fundi cherehani pale Chang'ombe mjini Dodoma. Kaka yake kwa baba, Damiani, alimpigia simu: mzee anaumwa, ila usije, hataki kuonwa na mtu.

Usije! Mtoto gani angebaki na cherehani yake baada ya neno hilo?

Pazia la mlango likasogea. Akaingia Frida, mke mkubwa wa Mtemi na mama yake Damiani. Mkononi ameshika bakuli la mlenda na tonge la ugali wa uwele. Alikuwa akitafuna.

"Mbona umemfunua?" akauliza.

"Mama mkubwa, baba amekufa."

"Punguza sauti."

"Amekufa! Ameanza kuoza!"

"Nimesikia." Frida akameza. "Mtemi hafi, Paskalia. Mtemi huhama. Ndivyo isemavyo mila ya baba yako, au mjini mnasahau hata hayo?"

"Amehama lini?"

Frida akahesabu kwa vidole vilivyojaa mlenda. "Leo siku ya kumi na moja."

"Mila inasema afichwe siku saba, mpaka mrithi akae. Saba! Kwa nini hamjamzika?"

"Mila haikujua mambo ya mashine," akasema Frida, akachovya tonge jingine.

Nzi wawili walitoka chini ya blanketi, wakazunguka, wakatua kwenye ukingo wa bakuli. Frida akawafukuza kwa kiwiko, akaendelea kula. Miaka arobaini na tano alikuwa mke wa mtu yule aliyelala pale.

Paskalia hakuwa na hamu ya kuelewa habari za mashine. Alitaka kumkunja baba yake mikono kifuani, kama wanavyolazwa watu. Akaushika mkono wa kushoto kupitia blanketi, taratibu, akauweka. Akautafuta wa kulia.

"Mkono huo usiuguse," Frida akasema haraka.

Alikwisha kuufunua.

Vidole vilikuwa vinne. Mahali pa kidole gumba palikuwa na kipande cheupe cha mfupa na nyama isiyo na damu, imekatwa vizuri, kwa utulivu, kama mtu anavyokata bamia.

"Kiko wapi?" Sauti ya Paskalia ilikuwa ndogo.

Frida akamsogezea bakuli. "Rangi imekutoka, mwanangu. Karibu mlenda."

* * *

Alitoka mbio kichwa wazi, mkono wa kulia ameunyoosha mbali na mwili kama si wake. Alijua mtu mmoja tu wa kumkimbilia: Sila, mkuu wa Mlango wa Kisima, kaka wa marehemu mama yake. Mjomba.

Ungemwona Sila ungempenda. Shati jeupe lililopigwa pasi, mvi safi, sauti ya kanisani. Watu wakigombana Ilumbwe, humwendea Sila. Mama wa Paskalia alipofariki, Sila ndiye aliyesema azikwe kwenye makaburi ya Mlango wa Kisima, mahali pa heshima, ingawa alikuwa mke mdogo.

Alimkuta uani, ameketi kwenye kigoda, akijinyoa ndevu kwa kioo kidogo.

"Mjomba! Mjomba, wamem..."

"Kwanza salamu," akasema Sila.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Sasa sema. Polepole."

Alisema yote: mguu, siku kumi na moja, kidole. Sila alisikiliza bila kupepesa. Alipomaliza, mzee aliinuka, akachukua maji kwenye kibuyu na kipande cha sabuni, akamnawisha mwenyewe. Alimsugua kila kidole, mpaka chini ya kucha, kwa upole wa baba. Paskalia akaanza kulia kwa mara ya kwanza. Alihisi amefika nyumbani.

"Umemwambia nani mwingine?" Sila akauliza.

"Hakuna. Nimekuja kwako moja kwa moja."

"Vizuri. Na Angelina?"

Angelina ni mwenyekiti wa akina mama wa Mgunga, kitongoji cha watu wa vumbi, kaya sitini zilizozunguka kisima walichokichimba wenyewe kwa majembe na ndoo.

"Sijamwona Angelina. Kwa nini unamuuliza Angelina?"

Sila akakung'uta maji mikononi, akarudi kwenye kigoda chake, akachukua wembe. Akanyoa mstari mmoja chini ya taya, kwa uangalifu.

"Kwa sababu kidole kile ni kwa ajili ya Mgunga," akasema.

Paskalia akasimama pale na mikono inayonukia sabuni.

"Kuna mwekezaji anataka kulima zabibu," Sila akaendelea, kama anayemfundisha mtoto kipaimara. "Zabibu zinataka maji. Maji yapo Mgunga. Ardhi ya ukoo iko kwa jina la Mtemi, na karatasi haiendi bila alama ya kidole chake kwenye mashine ya mtendaji. Baba yako alikataa. Kisha akafa. Mimi mwenyewe nilimfumba macho. Mashine ilikuwa ije siku ya tatu, ikachelewa. Mwili hausubiri mashine. Damiani alitaka kulia, mama yake akataka kuahirisha. Nikawaambia kidole kimoja kinatosha. Bartolomayo wa Mlango wa Chumvi akatoa chumvi ya kukihifadhia."

"Nani alikata?"

"Kisu kilikuwa changu," akasema Sila. "Damiani mikono ilimtetemeka."

Mikono ile. Mikono iliyokuwa imetoka kumsugua kucha.

"Watu wa Mgunga wataenda wapi, mjomba?"

"Ng'ambo ya mbuga ya chumvi."

"Huko hakuna maji."

"Watazoea. Ni watu wa vumbi." Akajifuta povu. "Baraza ni saa sita. Utakaa na wanawake wa Ngoma, utapiga vigelegele wakipiga. Ukifungua mdomo, Paskalia, kumbuka mama yako amelala kwenye ardhi ya mlango wangu. Nikisema hakustahili pale, atafukuliwa. Nitatuma vijana na majembe kabla ya jua kuzama."

Akamtazama kwenye kioo, akatabasamu kwa upole uleule.

"Nenda ukale kitu."

* * *

Msomaji, mimi nimeandika habari za wezi, wazinzi na wauaji katika ukurasa huu. Nilipofika hapa niliweka kalamu chini nikaenda kunawa. Tuendelee.

Saa sita watu walijaa mbele ya tembe la Mtemi. Turubai la bluu lilitandwa kwa ajili ya milango mitatu: vigoda vitatu, Damiani, Sila, Bartolomayo. Watu wa vumbi walikaa juani, kama jina lao. Mlango wa tembe ulifungwa kwa ngozi kubwa ya ng'ombe, kwa maana mila ya Ilumbwe hairuhusu mtemi mgonjwa kuonwa. Ubani ulikuwa ukifuka kama kanisa linaloungua.

"Mbukwenyi!" akasalimu Wilbert, mtendaji wa kijiji, kijana wa mjini aliyejifunza neno hilo moja la Kigogo na kulitumia kila mahali. Wakamwitikia. Akatoa mkobani mashine ndogo nyeusi ya kusoma alama za vidole, jamaa ya zile za kusajilia laini za simu, akaisoma karatasi kwa sauti. Ardhi ya Mgunga pamoja na kisima inarudi kwa milango mitatu. Kaya sitini zitahama ndani ya siku thelathini.

Manung'uniko yakapanda. Angelina akasimama, mwanamke mrefu, mikono imekomaa kwa kamba za ndoo.

"Mtemi hawezi kusema hivyo! Kisima kile alikuja kukibariki mwenyewe. Alikunywa kata ya kwanza!"

"Basi tumsikie Mtemi," akasema Sila kwa upole. "Kidole chake kitasema."

Wilbert akampa Damiani mashine. Damiani akainua pembe ya ngozi, akaingia. Kilichosikika ni nzi tu.

Mashine ikalia: piiip.

Damiani akatoka, jasho linamtiririka. Mkono mmoja ulirudisha mashine. Mwingine ulisukuma kitu mfukoni mwa koti. Wilbert akatazama kioo cha mashine, uso ukafunguka.

"Imekubali! Chidosa, mwaka wa kuzaliwa elfu moja mia tisa arobaini na moja. Ni yeye."

Wanawake wa Ngoma wakapiga vigelegele. Frida akavipiga kwa nguvu kuliko wote.

Angelina alikuwa bado amesimama. Hakupiga kelele tena. Machozi yalimshuka akiuangalia ule mlango wa ngozi.

"Chidosa," akasema, kama anayezungumza na mtu aliye karibu. "Chidosa, umetuuza?"

Hapo Paskalia alishindwa. Angestahimili harufu. Labda angestahimili hata Sila. Hakustahimili baba yake, aliyelala mle ndani bila kuoshwa, aitwe msaliti na watu aliokataa kuwauza. Alimfikiria mama yake kaburini. Akasema moyoni: mama, unisamehe, wakikufukua nitakuzika tena kwa mikono yangu.

Akainuka.

"Baba yangu hakuwauza! Baba yangu amekufa. Leo siku ya kumi na moja!"

Damiani akacheka, kicheko kikavu.

"Mnamsikia? Mwenzetu wa mjini. Mfu anaweza kubonyeza mashine?"

Watu wengine wakacheka naye. Hata Wilbert akatabasamu. Sila hakucheka, aliinama, akamnong'oneza kijana wake sikioni, na kijana akatazama upande wa makaburi.

Paskalia alimtazama kaka yake. Mkono wake haukuwa umetoka mfukoni. Mfuko umevimba, na juu ya ukingo unaonekana mfuniko wa kopo la ugoro.

Damiani, mwimbaji wa kwaya, aliyewahi kumfukuza mpwa wake nyumbani kwa kunusa ugoro.

"Kaka," akasema, "tangu lini unatumia ugoro?"

Kabla Damiani hajajibu, akainuka mzee mmoja wa Mgunga, jina lake Matonya. Huyu alichunga ng'ombe pamoja na Mtemi tangu wote wakitembea bila nguo. Masikio yalikuwa yamemzeeka. Katika yote yaliyosemwa alisikia neno moja tu.

"Ugoro?" akasema kwa furaha. Akachechemea mpaka mbele ya vigoda, akakinga kiganja. "Nionjeshe, mjukuu wangu."

Ilumbwe nzima inajua: kopo la ugoro likionekana barazani, mzee hanyimwi. Ni afadhali umnyime maji.

"Umekwisha, babu," akasema Damiani.

"Hata wa kukung'uta."

"Nimesema umekwisha!"

Alimpigia mzee kelele, mbele ya baraza. Minong'ono ikapita juani kama upepo. Damiani akarudi nyuma hatua moja, kisigino kikagonga kigoda, akayumba, mkono ukatoka mfukoni kutafuta pa kushika. Paskalia alikuwa amekwisha kusogea karibu. Akalinyakua kopo. Damiani akalirukia. Mfuniko ukafunguka kati ya mikono yao.

Chumvi ikamwagika. Na kilichokuwa ndani ya chumvi kikadondokea kiganjani mwa mzee Matonya, aliyekuwa bado amekikinga.

Kilikuwa kimesinyaa, rangi ya kahawia iliyoiva, kimepakwa mafuta ili mashine ikisome. Kilimeremeta juani.

Matonya alikiinua karibu na macho yake mabovu. Wa mbele walikwisha kuona. Mwanamke mmoja alianza kutapika, mwingine akamfuata. Mzee alikigeuza taratibu. Kisha akakoma.

"Kucha hii naijua," akasema. "Ina ufa. Nilimpasua mimi kwa jembe, mwaka ule wa njaa. Hakunisemea kwa baba yake."

Akakifunga kiganja, kama anavyofunga mtu mkono wa rafiki yake.

"Chidosa," akasema. Akaketi chini palepale vumbini.

* * *

Ulitegemea fujo? Mimi pia nilizitegemea. Watu wa kaya sitini, wenye fimbo, na hakuna aliyeinua fimbo. Walikuwa wamechukizwa kupita hasira. Huwezi kukipiga kitu ambacho hutaki kukigusa.

Mmoja mmoja, wakapita mbele ya vigoda vitatu na kutema mate chini. Wanaume, wanawake, vikongwe. Mate yalilowesha vumbi mpaka likawa tope.

"Mimi nilitoa chumvi tu," alikuwa akisema Bartolomayo kwa kila aliyepita. "Jamani, chumvi tu. Nani hatoi chumvi?"

Frida alijifungia jikoni. Damiani aliketi na uso mikononi. Wilbert alikuwa akikunja nyaya zake haraka haraka, na karatasi ile ilikuwa imempotea, Angelina aliikalia.

Kigoda cha Sila kilikuwa kitupu. Hakuna aliyejua kimekuwa kitupu tangu lini. Ila Paskalia alipopanda juu ya kichuguu kutazama makaburini, aliona kaburi la mama yake limetulia, msalaba umesimama, hakuna mtu wala jembe. Akamshukuru Mungu. Hakujiuliza Sila ameenda wapi. Msomaji, laiti angejiuliza.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya mazishi. Mtemi huoshwa na wanaume wa milango mitatu, na hakuna hata mmoja aliyekubali kuinua ile ngozi. Walisema harufu. Walisema laana. Wengine walisema wana safari.

"Nani anaogopa?" akauliza Matonya, akajikongoja kusimama. "Nimeoga naye mtoni tukiwa watoto. Nitamwogesha."

"Babu, sisi watu wa vumbi hatumgusi mtemi," akasema mmoja.

"Vumbi ndilo litakalomla. Nani anakuja?"

Wakajitokeza watatu. Angelina na wenzake wakaleta maji, ndoo kumi na nne za kisima cha Mgunga, na shuka nyeupe ambayo mmoja alikuwa akiitunza kwa harusi ya mwanawe. Paskalia akatoa mkasi na uzi mkobani, akaanza kushona sanda palepale chini ya turubai, kwa mkono, mishono midogo midogo. Kidole alirudishiwa. Alikilaza kwenye chumvi yake, akafunga kopo, akaliweka pajani. Baba yake angezikwa mzima.

Ilikuwa yapata saa kumi alipoona vumbi la gari.

Lilikuwa gari la polisi kutoka kituo cha barabarani. Wakashuka askari wawili. Nyuma yao, akishikilia mlango ili asichafue shati lake jeupe, akashuka Sila.

Uso wake ulikuwa na majonzi mazito. Alinyoosha mkono.

"Ndiye huyo, afande. Alikuja jana kutoka mjini. Leo asubuhi alionekana akitoka mbio chumbani kwa marehemu. Na kiungo cha maiti anacho, kimo kwenye hilo kopo hapo pajani."

Watu wa Mgunga wakalipuka wote kwa pamoja. Askari mkubwa, mtu mzima mwenye koplo wake pembeni, akainua mkono mpaka wakatulia.

"Mkisema wote sisikii hata mmoja. Mama, hilo kopo ni lako?"

"La kaka yangu. Alikuwa nalo mfukoni. Watu wote wameona."

"Watu wote ni wa kitongoji kimoja, afande," akasema Sila kwa huzuni. "Wana mgogoro na familia ya Mtemi. Mwulize mtumishi wa serikali. Hana upande."

Askari akageuka. "Mtendaji. Ulikuwepo?"

Wilbert alikuwa na mkoba wa mashine kifuani, ameukumbatia. Mashine ile ilikuwa imesoma kidole cha maiti saa nne zilizopita, na yeye ndiye aliyetangaza imekubali. Alimtazama Paskalia. Akamtazama Sila, na Sila akamkubalia kwa kichwa, polepole, kama mjomba anayempa mtoto moyo.

"Nilikuwepo," akasema Wilbert.

"Kopo lilitoka kwa nani?"

Kijana alilamba midomo. "Kwa huyu mama. Alikuja nalo barazani. Alitaka kumsingizia kaka yake."

Tangu asubuhi Paskalia hakuwa ametapika. Wala mbele ya ule mguu, wala mbele ya bakuli la Frida, wala mbele ya kiganja cha Matonya. Sasa aliinama pembeni, kopo mkononi, akatapika.

Sila akasogeza viatu vyake.

Koplo alikwisha kumshika mkono Paskalia pale ngozi ya mlangoni ilipoinuka. Akatoka mzee Matonya, mikono ya shati imelowa mpaka mabegani.

"Afande," akaita. "Usiondoke. Tumemgeuza tumwoshe mgongo. Njoo utazame shingo yake."

"Ina nini shingo?"

"Ina kamba. Imezama kwenye nyama. Mtu huyu hakufa kwa ugonjwa."

Askari mkubwa akatoa leso, akajiziba pua, akaingia. Damiani aliinua uso mikononi mwake na kumkodolea macho Sila kwa mshangao ambao hakuna mwigizaji angeuweza.

Askari akatoka. Hakumtazama Damiani, wala Sila. Alitembea moja kwa moja mpaka mbele ya Paskalia, akalitazama lile kopo, na mkasi, na uzi uliokuwa bado umening'inia kwenye vidole vyake.

"Mama," akasema, "sasa hili si suala la kidole tena."